Mwaka 2024 wa filamu, Shangazi akiwa kulia kwangu

Mwaka 2024 nilikwenda sinema mara 9, na mara 7 kati ya hizo nilikuwa na Shangazi. Mimi hukaa kushoto kwake, kwa sababu sikio lake la kulia limechoka. Taa zikizimwa namwinamia na kuanza kazi: huyu kasema hivi, yule kakataa, wale ni ndugu ila hawajajuana. Shangazi hajui Kiingereza. Alinilea Mbagala kwa pesa ya vitumbua tangu nikiwa darasa la kwanza, na sasa napata mshahara kwenye duka la spea, kwa hiyo zile zaidi ya shilingi 20,000 za tiketi mbili nazitoa kwa moyo mweupe kabisa.

Wengi wa rika langu filamu tulizijulia kwenye kibanda umiza: benchi za mbao, bati linalochemka juu ya vichwa, runinga yenye kisogo kirefu, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya filamu. Lufufu ndiye aliyekuwa mfalme wetu. Kaseti ikiwa na sauti yake hatukuuliza staringi ni nani. Mtu anapigana huko Hong Kong, Lufufu anakueleza kwa Kiswahili cha Dar anachowaza, anachodaiwa, na kwa nini leo hii lazima mtu atoke damu. Wakenya wana DJ Afro wao, nao watakwambia hayo hayo. Shangazi alikuwa anauza chai na vitumbua mlangoni mwa kibanda kimoja, na kupitia pazia alizisikia filamu nyingi kuliko alizoziona. Kazi ya mtafsiri anaijua vizuri, na mimi hunisahihisha. "Usiniambie anachosema tu," huniambia. "Niambie anataka nini."

Basi filamu za mwaka ule nimezipima kwa mdomo wangu: ulipumzika kiasi gani? Kuna filamu nilitoka nayo koo limekauka na Shangazi hana alichoondoka nacho. Kuna nyingine nilikaa kimya, yeye akarudi nyumbani amebeba kitu na asubuhi bado anacho.

Februari tulianza na ile ya maisha ya Bob Marley. Hapo sikuwa na kazi kubwa, nyimbo zenyewe alizijua tangu enzi za redio ya betri, na Kiingereza cha Kijamaika hata mimi kilinipita mara kwa mara. Filamu ya kawaida yenye muziki mkubwa. Tuliimba, tukapanda daladala tukarudi.

Sehemu ya pili ya Dune ilikuja Machi, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, na hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Ni filamu ya karibu saa tatu, yenye koo na falme na unabii, nikajua leo nitakoma. Lakini mara watu wa jangwani wakaanza kumwita yule kijana "Mahdi", na "Lisan al-Gaib", Shangazi akanigeukia kabla sijafungua mdomo. "Lisani ni ulimi. Ghaibu naijua. Ulimi wa ghaibu. Wanamngoja mtu." Miaka yake ya chuoni Rufiji, akiwa na juzuu mapajani, ilimtosha. Sehemu nyingine za ukumbi watu walikuwa wanasoma maandishi chini ya skrini. Yeye alikuwa anasikiliza.

Kisha ikaja ile sehemu ya kijana kumpanda mnyoo wa jangwani kwa mara ya kwanza. Anasimama juu ya kilima cha mchanga, anapiga magoti, anasikiliza, na mchanga unaanza kutetemeka kwa mbali. Hakuna maneno ya kutafsiri. Kilima kinamomonyoka chini ya miguu yake, vumbi linafunika kila kitu, na viti vyetu vinatikisika kwa sauti. Shangazi alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuuachia mpaka yule kijana aliposimama wima mgongoni mwa mnyoo. Mwongozaji wake, Denis Villeneuve wa Kanada, alisema mwaka huo huo kwamba hapendi mazungumzo kwenye filamu, kwamba mazungumzo ni ya jukwaani na ya runingani. Nilipoyasoma hayo nilimkubalia kabisa. Alikuwa amenipa likizo ya dakika nzima nzima.

Baada ya hapo hatukwenda tena mpaka katikati ya mwaka. Aprili ile Rufiji ilifurika. Kaka yake Shangazi yuko Muhoro, na maji yaliingia mpaka ndani. Hadi Aprili 25, kwa hesabu aliyoitoa Waziri Mkuu bungeni, mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Mapema Mei kikaja kimbunga Hidaya juu ya yale yale. Pesa ya sinema ikawa pesa ya unga, turubai na nauli za watu, na hakuna aliyekumbuka filamu.

Tuliporudi ukumbini ilikuwa kwa ajili ya Inside Out 2, ile katuni ya hisia zilizomo kichwani mwa binti wa miaka 13. Ndiyo iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote mwaka ule duniani, zaidi ya dola bilioni 1.6, na watoto ukumbini walikuwa wanacheka raha kabisa. Mimi nilihangaika. Wasiwasi anaongea, Furaha anamkatiza, Wivu anaingilia, na spika ya upande wetu ilikuwa inakoroma tangu mwanzo hadi mwisho. (Ukumbi wenyewe sitautaja. Niliwaambia vijana wa mlangoni, wakanijibu vizuri, na wiki mbili baadaye ilikuwa bado inakoroma.) Shangazi akaanza kusinzia. Ila kuna mahali yule binti anakaa peke yake kwenye kibanda cha adhabu pembeni ya uwanja wa magongo ya barafuni, pumzi zimembana, kifua kinapanda na kushuka, vidole vimeng'ang'ania ubao. Hapo Shangazi aliamka. Akaweka kiganja kifuani kwake mwenyewe na kukiacha pale mpaka yule mtoto alipotulia. Sikumwambia neno. Katika filamu nzima iliyojaa maneno, hicho ndicho kipande alichokizungumzia kwenye daladala: "Yule mtoto alivyokosa pumzi. Mimi nilikuwa hivyo Aprili."

Deadpool & Wolverine na Wicked nilikwenda na vijana wa kazini. Ya kwanza imejengwa juu ya utani wa mambo ya kampuni za filamu za Marekani, na hata kwa anayejua Kiingereza nusu ya utani unahitaji historia. Niliipenda kwa kiasi chake na nimeshaisahau. Ya pili ni nusu tu ya hadithi, ila nguo zake ni za kutazamwa mara mbili. Paul Tazewell aliyezibuni alipata Oscar kwa kazi ile, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya mavazi, na kwa kweli ukiiona ile kofia na lile gauni jeusi utaona kila mkunjo umefikiriwa.

Sasa nifike kwa Lupita Nyong'o, maana mwaka ule kwangu ni wake.

Mwishoni mwa Juni ilitoka A Quiet Place: Day One. Viumbe vimeshuka New York, havioni, vinawinda kwa kusikia, na ukipiga kelele umekwisha. Lupita ni Samira, mshairi mgonjwa wa saratani aliyebakiwa na siku chache, anayekatiza mji huo uliovunjika akiwa na paka wake ili akale pizza Harlem, kama alivyokuwa akila na baba yake. Filamu nzima ni uso wake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kazi, na kwa dakika kama kumi za mwanzo nilifanya kazi. Viumbe viliposhuka nikainama kumweleza Shangazi wanakimbilia wapi, akanigonga goti. Akaweka kidole mdomoni. Aliogopa tutasikika.

Ukumbi mzima ulikuwa hivyo. Mwanamume wa safu ya mbele yetu alikuwa na pakiti kubwa ya bisi. Alichukua moja, akaishika, akaiweka mdomoni na kuiacha ilainike. Nilimwona. Hakutafuna.

Kuna sehemu mvua kubwa inanyesha. Samira na kijana mmoja aliyemkuta njiani wamejificha kwenye chumba chake, na wamegundua kwamba radi ikipiga viumbe havisikii kingine. Basi wanaingoja. Umeme unamulika, na radi inapolia nao wanafungua midomo na kupiga ukelele wa mwili mzima, kisha kimya, wanangoja nyingine. Watu wawili ambao wamezuia kilio siku nzima wanapewa sekunde mbili za kukitoa. Mambo mengi ya mwaka ule nimeyasahau, ila uso wa Lupita kati ya radi na radi, akihema, macho yamefunguka, ninao. Nasikia kabla ya filamu hiyo alikuwa anaogopa paka kweli kweli, na baada ya kuigiza na yule paka akachukua wake wa kufuga. Hilo linaonekana kwa jinsi anavyombeba, mkono mmoja chini ya kifua, kama mtu anayejifunza uzito wa kitu.

Miezi mitatu baadaye mwanamke huyo huyo akaja bila mwili. The Wild Robot ya Chris Sanders ilitoka mwishoni mwa Septemba: roboti inatupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha wanyama, inaangukia kiota cha bata bukini na kuwaua waliomo, linabaki yai moja, na kifaranga kinapototoka kinaiona roboti kuwa ndiyo mama. Lupita ni sauti ya roboti hiyo, Roz. Juni tulikuwa na uso wake bila sauti, Septemba sauti bila uso. Sijui mwigizaji mwingine aliyewahi kukatwa vipande viwili namna hiyo ndani ya mwaka mmoja na kila kipande kikasimama chenyewe.

Mwanzoni Roz anaongea kama ile sauti ya kwenye simu, ya bonyeza moja, bonyeza mbili: changamfu na haina mtu ndani. Kidogo kidogo, kadiri kifaranga kinavyokua, sauti inashuka, inachelewa, inatafuta maneno. Shangazi ambaye maneno hayo hakuyaelewa aliniambia katikati ya filamu, "Sauti yake imebadilika." Nilikuwa sijagundua. Nilikuwa nimeshughulika na maneno.

Na kuna mahali pa mwanzo Roz anataka kuelewa wanyama. Anakaa chini porini na kusikiliza, jua na mvua vinampitia, mpaka milio yao inageuka lugha. Shangazi alicheka kwa furaha. Alivyotoka Rufiji akiwa msichana wa kazi, anasema, alikaa kimya miezi akisikiliza Kiswahili cha mjini, watu wakadhani ni bubu. Kifaranga kilipojifunza kuruka, roboti ikikimbia chini yake ukingoni mwa jabali, niligeuka kumwangalia. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio mdomoni. "Lakini si mama yake," nikamnong'oneza. Nilitaka tu nisikie atasema nini. Akanijibu kwa sauti ya kawaida, watu wakageuka: "Wewe nani aliyekulea?"

Kwangu hiyo ndiyo filamu ya mwaka kati ya zile za ukumbini. Mandhari yake yamepakwa kama picha za brashi, hadi unaona alama ya mkono kwenye majani. Sehemu ya mwisho ina mapigano ambayo ningeyafupisha, maana kelele zinafunika kile kilichojengwa kwa utulivu. Ila nimeinunua, na nitaitazama tena.

Novemba tuliona Gladiator II. Kwa Denzel Washington pekee tiketi ililipa. Mtu anayepanga uovu huku akichezea mikunjo ya joho lake na pete zake, huhitaji mtafsiri kujua usimpe mgongo. Hayo mengine, papa ndani ya uwanja uliojazwa maji na kadhalika, yalipita.

Halafu Mufasa, wiki ya Krismasi. Hapa nilifikiri Shangazi atafurahi kuliko kote, kwa kuwa majina yanatoka kwetu. Mufasa, akiwa simba mdogo, anachukuliwa na mafuriko, anaokolewa na familia ya simba mwingine aitwaye Taka, na ndoto yao wote ni nchi ya mbali inayoitwa Milele. Kwa "Taka" alishtuka. Watu ukumbini walicheka, yeye hakucheka. Aliniambia zamani mtoto akizaliwa baada ya wenzake kufa alipewa jina la kudharaulika, Tabu, Mashaka, Shida, ili kifo kimwone hana thamani kimwache. Kwa hiyo yeye aliitazama filamu nzima akijua jambo ambalo waandishi labda hawakulijua: kwamba Taka ni mtoto aliyeombewa sana. Usaliti wake ukamuuma mara mbili. Hadithi aliyoiona yeye ilikuwa nzito kuliko iliyokuwa kwenye skrini, na nilirudi nyumbani nikitamani ningeiona hiyo.

Nje ya ukumbi akauliza, "Wamechukua Milele, wamechukua Simba na Rafiki. Mbona hawaongei?" Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Katika safari zetu zote za mwaka ule hatukusikia hata mazungumzo ya dakika moja ya Kiswahili kutoka kwenye skrini ya ukumbi, katika mji wa mamilioni ya watu wanaokiongea tangu wakiamka. Hilo linaniuma, na nimeliandika hapa kwa sababu Shangazi hataliandika.

Filamu mbili tuliziona nyumbani mwanzoni mwa 2025, kwenye kompyuta yangu juu ya stuli. Ya kwanza ni Conclave, ya makadinali waliofungiwa Vatikani kumchagua papa. Maneno mengi, tena kwa Kiingereza, Kiitaliano, Kihispania na Kilatini, nikajua nimekwisha. Ila majina yalipopita Shangazi alinisimamisha. Msamati? Ndiyo. Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe, ndiye Kadinali Adeyemi wa Nigeria, mmoja wa wanaokaribia kabisa kiti. Kipo kikao kimoja cha watu wawili ambapo anaambiwa kwamba haitawezekana tena. Mwili wake mkubwa uliojaa ile nguo nyekundu unapungua mbele ya macho yako. Nilikuwa katikati ya kutafsiri, Shangazi akasema, "Nyamaza, nimeona."

Ya pili ni Flow, kutoka Latvia, ya kijana anayeitwa Gints Zilbalodis. Ndiyo iliyochukua Oscar ya katuni Machi 2, 2025, ikiwaacha nyuma Inside Out 2 na The Wild Robot. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuipakua leo, kwa bajeti ya euro milioni 3.5 hivi, wakati Inside Out 2 iligharimu dola milioni 200. Haina neno hata moja. Paka, mbwa, komba wa Madagaska, ndege mrefu wa mbugani yule anayewinda nyoka, na mnyama mmoja mnene wa Amerika ya Kusini wa jamii ya panya, wote wako ndani ya mashua moja na dunia imefurika. Milio ni ya wanyama halisi, ila kwa yule mnene wake mwenyewe haukufaa, wakamtafutia wa mtoto wa ngamia.

Nilimwekea Shangazi, nikakaa kushoto kwake kwa mazoea, nikiwa sina kazi.

Maji katika filamu ile yanakuja mara moja kwa kishindo, kisha yanabaki kupanda. Yanafika kwenye mlango, kwenye dirisha, paka anapanda juu ya sanamu kubwa ya paka, na maji yanaifuata sanamu hadi kichwani. Shangazi aliivuta stuli karibu. "Hivyo," akasema. "Hayana haraka." Akaanza kunieleza, yeye mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda sinema. Kwamba maji yakija, wanyama husahau uadui. Juu ya dungu la shambani utamkuta nyoka na kuku na mtu, kila mmoja anatazama upande wake. Kwamba yule komba na kikapu chake cha vikorokoro, anayekumbatia kioo wakati dunia inazama, si mchoyo. Kaka yake Muhoro aliacha godoro, akaacha baiskeli, akabeba mlango wa mninga alioutengeneza mwenyewe. Aliubeba kichwani maji yakiwa kifuani.

Wiki iliyopita huyo kaka yake alikuja Dar kwa ajili ya macho. Jioni nimerudi kazini, nikapiga hodi, nikatoa shikamoo, hakuna aliyeniitikia. Kompyuta yangu iko juu ya stuli, wazee wawili wameinama mbele yake, na Shangazi anamtafsiria Flow kwa Kindengereko, mkono begani kwake, sauti inapanda na kushuka kama ya Lufufu. Komba akaingia na kikapu chake. Shangazi akanyamaza. Kaka yake akatazama, akatazama, halafu akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama yule mnyama atakivusha kioo chake.

Shangazi akamwambia atazame.